Kumtaja Muuaji Kabla ya Mpelelezi

Wasomaji wa riwaya za upelelezi wana majigambo yao. Kitabu kikiisha, mpelelezi akishawakusanya wote sebuleni na kumnyooshea kidole mwenye kosa, hakosi mtu wa kusema kwamba yeye alishamjua tangu katikati, pengine tangu sura ya tatu. Wapo wanaosema hivyo kwa furaha, wakiona wamemshinda mwandishi. Wapo wanaosema kwa masikitiko, wakidai kwamba riwaya ambayo mhalifu wake anajulikana nusu ya safari haina haja ya kumalizwa. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja, nalo ni kwamba thamani yote ya kitabu imo katika jina la mhalifu, na aliyelipata mapema amemaliza kazi. Makala haya yanapinga hilo. Hoja yangu ni kwamba msomaji anayemtaja muuaji katikati ya kitabu mara nyingi hajausoma uhalifu; amemsoma mwandishi. Hizo ni kazi mbili. Ya pili ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, ya kwanza ni adimu, na kuzichanganya kumewaponza wasomaji, na waandishi zaidi.

Tuanze na hesabu, maana hesabu hupunguza majigambo. Chukua riwaya yenye washukiwa sita. Wasomaji 60 wakichagua jina kwa kufumba macho, kwa wastani 10 kati yao watapatia bila ya kuzingatia dalili hata moja. Hao 10 ndio watakaosikika. Waliobaki hawatapita wakitangaza kwamba walimshuku mjane asiye na hatia. Isitoshe, msomaji hamshuku mtu mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Humshuku daktari jioni hii, kesho akamhamia mpwa wa marehemu, keshokutwa akarudi kwa daktari. Mwisho ukifika, jina lolote litakalotajwa litakuwa limekwisha kupita kichwani mwake, na kumbukumbu itamletea ule usiku mmoja alipopatia na kuzificha nyingine zote. Si uongo wa makusudi. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alichapisha majaribio ambayo kila mpenzi wa riwaya hizi angefaidika kuyajua. Aliwapa watu maelezo ya vita wasivyovifahamu vizuri, vya Waingereza na Wagurkha mwanzoni mwa karne ya 19, kisha akayaambia makundi mbalimbali matokeo yanayotofautiana: kundi hili kwamba Waingereza walishinda, lile kwamba walishinda Wagurkha, jingine kwamba hapakuwa na mshindi. Kila kundi lilielekea kuona kwamba matokeo liliyoambiwa ndiyo yaliyokuwa yakitarajiwa, hata pale yalipokuwa si ya kweli. Walipoombwa kujibu kana kwamba hawakuambiwa chochote, walishindwa kujivua kile walichokwisha kukijua. Msomaji aliyefunga ukurasa wa mwisho yuko katika hali hiyohiyo. Ushahidi wake juu ya alichokijua katika ukurasa wa 80 usingepokelewa na hakimu yeyote makini.

Hata hivyo kuna wanaopatia kweli, tena mara nyingi kupita bahati nasibu, na hao hatuwezi kuwaondoa kwa hesabu. Swali ni wanapatia kwa njia gani. Mwaka 1928 mwandishi wa Kimarekani aliyejiita S. S. Van Dine alichapisha kanuni 20 za riwaya ya upelelezi, na mwaka uliofuata kasisi wa Kiingereza Ronald Knox, naye mwandishi wa riwaya hizo, akatoa amri zake 10. Nia yao ilikuwa kumlinda msomaji asidanganywe. Van Dine alitaka mhalifu awe mtu mwenye nafasi ya kuonekana katika hadithi, wala asiwe mtumishi wa nyumbani. Knox alitaka mhalifu atajwe mapema, lakini asiwe mtu ambaye mawazo yake msomaji amefunguliwa. Sasa mtazame msomaji anayezijua kanuni hizo, au aliyezizoea kwa kusoma vitabu 30 vilivyozifuata bila ya kuwahi kuzisoma zenyewe. Kabla maiti haijapoa, amekwisha kumwondoa mpishi, dereva, mpita njia na yeyote anayejitokeza mwishoni. Amemwondoa pia yule anayeonekana dhahiri kuwa na hatia, kwa kuwa kitabu bado kina kurasa 200 na mwandishi hawezi kuwa amemaliza. Anabaki na watu wawili au watatu, kisha anamchagua yule mpole ambaye hana kazi nyingine katika hadithi. Watazamaji wa tamthilia za televisheni wana njia ya mkato zaidi: wanamtafuta mwigizaji maarufu aliyepewa maneno machache. Katika safari hiyo yote hakuna alama ya kiatu iliyochunguzwa, wala saa iliyolinganishwa na saa nyingine. Kanuni zilizowekwa ili msomaji afumbue kwa haki ndizo zilizompa njia ya kutofumbua kabisa.

Ili tofauti ionekane, tumtazame msomaji aliyefumbua kwa dalili, na bahati nzuri yupo aliyeacha maandishi kabla ya jibu kutolewa, hivyo kumbukumbu haikupata nafasi ya kumpendelea. Mwaka 1841 Charles Dickens alikuwa akichapisha riwaya yake Barnaby Rudge kwa sehemu, kuanzia Februari hadi Novemba. Tarehe 1 Mei, zikiwa zimetoka sehemu za mwanzo tu, Edgar Allan Poe alichapisha uhakiki katika gazeti la Philadelphia akamtaja muuaji. Mwezi mmoja nyuma alikuwa ametoa hadithi ya mauaji ya Rue Morgue, ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa fasihi ya upelelezi, kwa hiyo jicho lake lilikuwa limenolewa. Katika riwaya ya Dickens bwana mmoja ameuawa nyumbani kwake miaka mingi iliyopita, na msimamizi wa nyumba pamoja na mtunza bustani wametoweka. Baada ya miezi kadhaa maiti iliyoharibika ikapatikana majini, ikatambuliwa kwa nguo, saa na pete kuwa ni ya msimamizi, na kijiji kizima kikamshuku mtunza bustani. Poe aliona mambo mawili. Kwanza, nguo na pete huweza kuvishwa mtu mwingine. Pili, habari hiyo ya maiti imetoka kinywani mwa mhusika anayehadithia klabuni, haikutoka kwa msimulizi mwenyewe. Akahitimisha kwamba msimamizi yuko hai, ndiye muuaji, na aliyeopolewa ni mtunza bustani. Alipatia. Huo ndio ufumbuzi: msomaji amepima kauli, amemuuliza shahidi amejuaje, na ameweza kuonyesha njia aliyopita. Lakini Poe hakupatia yote. Alitabiri pia kwamba ndugu wa marehemu alikuwa na mkono katika mauaji hayo, jambo ambalo riwaya ilipokamilika halikuwemo. Katika uhakiki wa pili wa Februari 1842 alijitetea kwa kiburi chake cha kawaida, akieleza kwamba kama utabiri haukutimia basi ulistahili kutimia. Humohumo alimlaumu Dickens kwa kumwita mke wa msimamizi mjane katika sauti ya usimulizi, ilhali mume yu hai. Lawama hiyo ina uzito kuliko majisifu yake yote, kwa sababu inaweka mpaka ambao wengine walikuja kuufuata: wahusika wana ruhusa ya kusema uongo, msimulizi hana.

Miaka 50 baadaye ikatokea habari inayochekesha kidogo. Israel Zangwill aliandika The Big Bow Mystery, riwaya ya mtu aliyeuawa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani, ikatoka kwa sehemu katika gazeti la Star la London mwaka 1891. Wasomaji wakamiminia gazeti barua, kila mmoja na mshukiwa wake. Hadithi ilipokwisha, Zangwill aliandika kwa mzaha kwamba alikuwa akizisoma barua hizo na kumwondoa kila aliyetajwa, hata akabaki na mtu mmoja ambaye hakuna aliyemshuku, akamtwika kosa. Wapo walioamini. Ilimbidi aeleze katika utangulizi wa kitabu kwamba fumbo lote lilikuwa limepangwa kabla hajaandika neno la kwanza, na kwamba fumbo zuri ni lile ambalo msomaji anaweza na pia hawezi kulifumbua. Mzaha wake ulikuwa na akili kuliko alivyokusudia. Hebu fikiria kama angefanya hivyo kweli: dalili zote zilizotangulia zingekuwa hazina maana, kwani mhalifu angechaguliwa kwa kigezo kimoja tu, kutokutarajiwa. Barua zote zingekuwa na makosa, na kosa lisingekuwa la waandishi wa barua.

Hapo ndipo mashindano ya kumbahatisha mwandishi yalipowapeleka wengi. Msomaji akishazoea kumtafuta asiyeshukiwa, mwandishi humtafuta asiyeshukiwa zaidi, na hatimaye kila mtu kitabuni anakuwa mgombea. Agatha Christie aliuelewa mchezo huo kuliko wote, akawatega wasomaji kwa mazoea yao wenyewe. Mwaka 1926 alitoa The Murder of Roger Ackroyd, ambamo mhalifu anatoka mahali ambapo msomaji hakuwa amepahesabu kabisa. (Sitamtaja, kitabu kina umri wa karne nzima lakini bado kuna wanaokifungua leo kwa mara ya kwanza.) Wapo waliolalamika kwamba wamelaghaiwa. Dorothy L. Sayers, mwandishi mwenzake, alimtetea kwa kusema kuwa kumshuku kila mtu ni kazi ya msomaji. Ninakubaliana na Sayers, ila kwa sababu nyingine. Ukirudi kukisoma kitabu hicho unakuta sentensi zilizoandikwa kwa uangalifu wa sonara, kweli kila neno, zikiwa wazi mbele ya macho, na muda ambao haukuelezwa ukiwa umeachwa pengo linaloonekana. Christie hakumwongopea msomaji. Msomaji alijiongopea kwa kudhani kwamba mlango fulani hauwezi kutumiwa. Waigaji wake waliona mlango tu. Riwaya ngapi zimeandikwa tangu wakati huo ambazo mhalifu wake ni mtu wa ajabu, na ukirudi nyuma hukuti hata pengo moja la kumwonyesha! Mwandishi aliyeogopa kubahatishwa alizifuta dalili ili asibahatishwe, akabaki na mshangao usio na mizizi.

Riwaya ya Kiswahili ina mfano wake, na kwangu ndio mfano ulio mzito kupita wote, kwa sababu unaonyesha hasara ya upande wa msomaji. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 hadi 1958 kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Ndiyo iliyomleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na swahiba wake Najum, na ikafuatiwa na Kisima cha Giningi mwaka 1968 na nyingine kadhaa. Wahakiki wameeleza mara nyingi jinsi Bwana Msa alivyomrithi Sherlock Holmes, na hilo ni kweli, lakini kuna jambo ambalo halisemwi sana. Tazama majina ya vitabu hivyo viwili. La kwanza linamtaja mshukiwa kabla hujafungua jalada: mzimu. La pili linataja Giningi, mahali ambapo masimulizi ya Kizanzibari yanapahusisha na wachawi. Kifo kinachohusishwa na mahali pa mzimu kina maelezo tayari katika jamii inayosimuliwa, na maelezo hayo si ya wajinga. Ni ya watu wenye heshima zao, wanaoishi na mahali hapo kila siku. Kazi ya Bwana Msa ni kupita katikati ya maelezo hayo, kuuliza nani alikuwa wapi, nani anafaidika na hofu ya wengine, mpaka mkono wa binadamu uonekane. Msomaji wa leo aliyekomazwa na filamu na riwaya za kigeni anauondoa mzimu kwenye orodha katika ukurasa wa kwanza. Hauondoi kwa hoja ya Bwana Msa. Anauondoa kwa kuwa anajua kwamba riwaya za upelelezi hazikubali mizimu. Knox aliiharamisha katika amri zake. Msomaji huyo amepatia, na kwa kupatia hivyo amelikosa jambo lenyewe. Alichokitengeneza Abdulla ni njia ya kutoka kwenye hofu hadi kwenye ushahidi, na njia hiyo haina maana kwa mtu aliyerushwa moja kwa moja hadi mwisho wake. Tena siri katika vitabu vya Abdulla mara nyingi si ya damu iliyomwagika tu, bali ni ya nasaba: nani mtoto wa nani, nani alificha ndoa ipi. Unaweza kumbahatisha mtenda kosa ukawa hujaanza hata kuelewa familia.

Atasema mtu kwamba ninabagua aina moja ya akili. Kumsoma mwandishi nako ni kusoma. Anayetambua mpangilio wa riwaya, anayeona mhusika amewekwa kwa sababu, ametumia ushahidi uliomo kitabuni kama yule anayepima alama za viatu. Pingamizi hili ni zito na sehemu yake naikubali. Hakuna msomaji anayeingia katika kitabu akiwa mtupu, na waandishi wenyewe wanategemea mazoea hayo ili kuyapindua. Lakini angalia ujuzi huo unafanya kazi wapi na unashindwa wapi. Anayejibu "yai" mara tu asikiapo kitendawili cha nyumba isiyo na mlango hakufumbua, amekumbuka. Mtegee kitendawili kipya na utaona. Ndivyo ilivyo kwa msomaji wa mazoea, ambaye hupatia pale mwandishi alipofuata desturi na kukosa pale mwandishi alipofikiri upya, yaani hukosa katika vitabu bora na kupatia katika vitabu hafifu. Kuna ushahidi wa upande mwingine pia. Mwaka 2018 Lea Frermann, Shay Cohen na Mirella Lapata wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha utafiti ambamo programu ya kompyuta ilifundishwa kumtambua mhalifu katika vipindi vya tamthilia ya CSI, ikipewa maneno, picha na sauti kadiri kipindi kinavyoendelea, kisha ikalinganishwa na binadamu wanaotazama. Binadamu walichelewa zaidi kumtaja mtu, lakini walipomtaja walikosea mara chache. Mashine ilikuwa na mazoea bila subira. Watazamaji nao walikuwa na mazoea, ila waliyazuia mpaka wapate cha kuyaunga mkono, na kuchelewa huko ndiko kulikowapa usahihi.

Pingamizi la pili ndilo lenye wafuasi wengi: ukishajua, hamu inakufa. Kama hili ni kweli, basi aliyebahatisha na aliyefumbua wote wamejiharibia, na tofauti yangu haina faida. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa wasomaji zaidi ya 800 hadithi fupi 12, zikiwemo za mafumbo, wengine wakiwa wamefichuliwa mwisho mapema na wengine hawakufichuliwa. Waliofichuliwa walielekea kuzifurahia zaidi. Matokeo hayo yalishangiliwa kupita kiasi, na miaka michache baadaye Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum walipata kinyume chake katika majaribio yao. Mimi sizipi tafiti hizi neno la mwisho. Hadithi fupi inayosomwa katika maabara si riwaya ya kurasa 250 inayosomwa kwa wiki mbili, na kuambiwa na mwingine si sawa na kugundua mwenyewe. Lakini historia ya vitabu inatosha kuonyesha kwamba jina si roho ya hadithi. R. Austin Freeman alitoa The Singing Bone mwaka 1912, hadithi ambazo uhalifu unaonyeshwa kwanza, mkosaji akiwa wazi, na msomaji anakaa kutazama jinsi Dakta Thorndyke atakavyomfikia. Ruth Rendell alikwenda mbali zaidi: A Judgement in Stone ya mwaka 1977 inamtaja muuaji, waliouawa na sababu katika sentensi yake ya kwanza, na kitabu hakiachiki mkononi. Wasomaji wa riwaya za Elvis Musiba, wanaomfuata jasusi Willy Gamba, hawakai kuuliza adui ni nani kuliko wanavyouliza atanaswa vipi. Poe mwenyewe, aliyelifumbua fumbo la Dickens kabla ya wakati, aliandika kwamba anayeirudia Barnaby Rudge akiijua siri ataona vidokezo vikiwaka kila upande na hadithi iking'aa mara nne zaidi. Kumbuka ni nani anayesema: mtu aliyejulikana kwa kushindana, si kwa kusifu.

Kinachokufa, basi, ni hamu ya mtu aliyekuwa akisubiri jina tu. Aliyebahatisha hana kingine cha kusubiri isipokuwa kuthibitishiwa. Aliyefumbua, au anayejaribu kufumbua, ana mambo chungu nzima bado mkononi. Ikiwa ni daktari, ufunguo ulirudije mezani? Kwa nini mbwa alinyamaza? Je, dada yake alijua? Kila swali kati ya hayo linaweza kuivunja dhana yake, na riwaya nzuri huivunja mara mbili au tatu kabla ya kuirudisha ikiwa na sura mpya. Frederic Dannay na Manfred B. Lee, wale binamu wawili walioandika kwa jina la Ellery Queen, waliweka jambo hilo katika umbo la kitabu chenyewe: kuanzia The Roman Hat Mystery ya mwaka 1929 walisimamisha hadithi karibu na mwisho wakamwambia msomaji kwamba dalili zote sasa anazo. Kinachotakiwa pale ni mnyororo wa hoja, jina likiwa pete yake ya mwisho tu. Edgar Wallace alikuwa amejaribu jambo hilo kwa fedha. Alipotoa The Four Just Men mwaka 1905 alitangaza zawadi za jumla ya pauni 500 kwa watakaoeleza namna waziri katika riwaya hiyo alivyouawa ndani ya chumba kilicholindwa, akasahau kuweka kikomo cha idadi ya washindi. Majibu sahihi yakaja mengi na yeye akaingia katika madeni makubwa. Kwa mfuko wake ilikuwa balaa. Kwa hoja hii ni ushahidi mzuri: swali halikuwa nani, kwani jina la kundi lililoua limo kwenye jalada, lilikuwa vipi, na watu wa kawaida walilijibu kwa sababu dalili zilikuwemo.

Kuna kitabu kimoja ambacho kinaipima hoja hii kuliko vingine vyote, maana ndani yake hakuna atakayewahi kuthibitishiwa. Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870 akiwa ameandika nusu ya The Mystery of Edwin Drood, sehemu 6 kati ya 12. Kijana Edwin ametoweka. Mjomba wake John Jasper, mwimbaji wa kanisa anayevuta afyuni, anashukiwa na karibu kila msomaji, na rafiki wa Dickens, John Forster, alieleza baadaye kwamba mwandishi mwenyewe alimwambia kuwa kisa ni cha mjomba kumuua mpwa. Kwa kipimo cha wale wanaosema kwamba jina ndilo kila kitu, fumbo hilo lilikwisha zamani na kitabu kilistahili kusahauliwa. Badala yake kimeandikiwa miisho na nadharia kwa zaidi ya karne moja na nusu, na ubishi hauhusu sana Jasper. Watu wanagombania kama Edwin amekufa kweli au alitoroka, Datchery yule mgeni mwenye mvi ni nani, na nini kingegunduliwa ndani ya kaburi la mawe. Tarehe 7 Januari 1914 wapenzi wa Dickens walimfungulia Jasper kesi ya kuigiza katika ukumbi wa King's Hall, Covent Garden, London. G. K. Chesterton alikaa kwenye kiti cha jaji, George Bernard Shaw akaongoza baraza la wazee wa mahakama. Mashahidi walihojiwa kwa saa nyingi juu ya kila kidokezo kilichomo katika zile sehemu sita. Shaw akasimama kutangaza kwamba Jasper ana hatia ya kuua bila kukusudia, hukumu iliyowaudhi waliotaka ahukumiwe kwa kosa kamili na waliotaka aachiwe huru vilevile. Chesterton akamaliza shauri kwa kuwatoza faini wote waliokuwemo, kwa kuidharau mahakama, isipokuwa yeye mwenyewe.